Mkono wa Mjukuu Kwanza

Niliambiwa nimweke mjukuu wangu nyumbani mpaka apone, nikakataa. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili asije mtu akadhani kwamba nikifika mwisho nitalijutia. Ninalo jambo la kujutia, na nitalitaja mahali pake. Si hilo.

Mjukuu wangu ana miaka saba. Ni mtoto wa binti yangu, na tunaishi sisi watatu katika fleti ya ghorofa ya pili, magharibi ya London, si mbali na Southall. Binti yangu ni muuguzi. Zamu zake hubadilika kila wiki, kwa hiyo mtoto nimekuwa naye mimi tangu alipoachishwa ziwa. Kila ninalomwambia analielewa, na karibu kila analonijibu ni kwa Kiingereza. Kiswahili hukitoa anapotaka jambo kweli kweli, na hapo hukitoa cha Unguja, kilichokamilika, kama aliyekuwa amekiweka mfukoni.

Siku za Jumamosi mimi ni mwalimu wa chuo. Nafundisha watoto wa kike kusoma msahafu katika ukumbi tunaokodi, ambao asubuhi hutumiwa na wazee wa Kiingereza wanaocheza dansi ili kulainisha viungo, na mchana huwa wetu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo kwetu Unguja, na mimi nilianza kumsaidia kabla sijavunja ungo. Sasa nina miaka sabini na mbili. Sijui kazi nyingine, na namshukuru Mungu kwamba sikuhitaji kuijua.

Mambo yalianza na mafua. Yalikuwa mafua ya skuli, yale ambayo mtoto mmoja akipiga chafya Jumatatu, Ijumaa darasa zima linakohoa. Homa ilimkaa siku mbili, ikashuka, nikashukuru. Siku ya nne, nilipokuwa namvalisha sare, nikaona mabaka mgongoni. Yalikuwa yameinuka, mekundu pembeni na meupe katikati, mfano wa mtu aliyegusa upupu. Alasiri aliporudi kutoka skuli, mgongo ulikuwa safi kama hakikutokea kitu, na mabaka mengine yalikuwa mapajani. Surua naijua. Tetekuwanga naijua, nimewauguza wanangu wote, na wadogo zangu kabla yao. Upele unaohama mahali kwa mahali sikuwahi kuuona.

Daktari alisema ni vile virusi vya mafua. Mwili wa mtoto unapopigana navyo, wakati mwingine ngozi nayo huingia vitani, halafu siku chache baadaye hutulia. Haikutulia. Wiki ya tatu ikapita, ya tano ikapita. Skuli wakawa wananipigia simu saa tano asubuhi nikamchukue, kwa sababu uso umevimba jicho moja. Wiki sita zilipotimia tukarudi kwa daktari, mwanamke wa umri wa binti yangu, naye akatueleza kwa utulivu. Mabaka haya sasa yanahesabiwa kuwa ya muda mrefu. Virusi vyenyewe vilishaondoka zamani, ila ngozi bado inafanya kana kwamba viko. Mara nyingi kwa watoto hakuna chakula cha kulaumiwa. Hayaambukizi mtu. Yanaweza kuchukua miezi, yanaweza kupita mwaka, na watoto wengi huwaondokea yenyewe. Akaandika dawa ya maji ya aleji, kijiko kimoja kila asubuhi, na kututajia dalili za hatari za kuita gari la wagonjwa: mtoto akipata shida ya kupumua, au ulimi ukivimba. Kisha akanitazama mimi, wala si binti yangu, akasema dawa ni ya kila siku, hata ngozi ikiwa safi.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nakuomba msomaji uliweke akilini hilo.

Jamaa walipopata habari walikuja kututazama, kama ilivyo desturi yetu, na kila aliyekuja alituachia sahani ya chakula na katazo moja. Wa kwanza alisema ni mayai. Wa pili akasema mayai hayana neno, ni samaki. Wa tatu akasema nyanya, na wa nne akasema maziwa, maana ng'ombe wa huku hawaoni jua. Nilitamani sana kumponya, nikafuata yote. Ikafika siku mtoto anakula wali mweupe na chumvi, na mabaka yako palepale. Binti yangu alirudi kutoka kazini, akafungua friji, akaitazama sahani ya mwanawe, akaniuliza kama mgonjwa wa ngozi nimeamua kumfanya mgonjwa wa njaa. Nilimkaangia mtoto mayai mawili hapo hapo. Aliyala akiwa amesimama.

Wapo waliosema ni jicho, kwa kuwa mtoto anasoma vizuri kuliko umri wake. Mimi nimesomeshwa dini. Najua jicho lipo. Najua pia kwamba mtu akikosa la kusema juu ya mtoto wa mwenziwe husema jicho. Nilimsomea kila alfajiri, nikamsomea na kumpulizia, na bado namsomea, na daktari yeyote asiyependa hilo ana haki ya kutopenda. Lakini alipotokea mmoja kwenye simu akaniambia haya ni matokeo ya mama wa mtoto kushinda kazini na kumwacha mwanawe, huyo nilimkatia simu. Hajapiga tena, na sijamkumbuka.

Kosa la kwanza lilikuwa la muarobaini. Kwetu mtoto akitoka vipele huogeshwa maji ya majani ya muarobaini yaliyochemshwa, nami sikuona kwa nini London iwe kinyume. Nikapanda basi hadi Southall, kwenye duka la Singasinga mmoja, mama wa makamo yangu aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili chake cha bara hunichekesha na changu humchekesha yeye. Aliniuliza majani ni ya kunywa au ya kuoga. Nikamwambia ya kuoga, mjukuu ana mabaka ya kuwasha.

"Na maji utaweka moto?" akauliza.

"Muarobaini wa baridi wa nini?"

"Mama, hiyo si kuoga. Hiyo ni kupika."

Nikalipa, nikamwambia aniachie mapishi yangu. Jioni ile nilimkalisha mtoto kwenye beseni, na kabla sijafika magotini mwili mzima ulikuwa umepanda, kutoka shingo hadi nyayo, baka limeshikana na baka. Joto ndilo lililokuwa likiyaamsha. Hakulia sana. Aliniomba tu, kwa Kiswahili, "Bibi, tafadhali, basi." Nilimtoa, nikamfunga kanga iliyolowa maji ya bomba, nikakaa naye chini sakafuni mpaka mama yake aliporudi. Wiki iliyofuata nilipokwenda kununua bamia, yule mama wa Southall aliniangalia usoni, akaniongezea ndimu mbili.

Sasa nije kwenye chuo, maana huko ndiko kulikokuwa na jambo lenyewe.

Chuoni kwangu kuna desturi niliyoirithi kwa baba yangu, naye kwa baba yake. Tukimaliza kusoma na kuomba dua, mimi husimama, na watoto huja mmoja mmoja kunipa mkono na kuubusu, huku wote tunamsalia Mtume. Kila aliyekwisha kunipa mkono husimama pembeni yangu, na anayemfuata humpa mkono na yeye, mpaka mstari unakuwa mrefu na kila mtoto amemshika kila mtoto. Hapo ndipo huachana. Baba yangu alikuwa akisema watoto waliopeana mkono hawarudi nyumbani na ugomvi. Wazazi wa hapa wanaipenda sana desturi hii. Wengine hufika mapema ili waipige picha, na ikiwa mtoto amechelewa, mama yake humkimbiza mpaka mlangoni asiondoke bila radhi ya mwalimu.

Jumamosi moja, katikati ya mkono, mama mmoja aliona mabaka kwenye kifundo cha mkono wa mjukuu wangu. Akaushika mkono wa bintiye uliokuwa umeshanyooshwa, akauvuta nyuma. Watoto ndio waliosema. "Ana upele," mmoja akamwambia mwenziwe, na kila mtu anajua upele unavyoambukiza. Jioni ile kwenye kundi la wazazi la WhatsApp mtu akaandika kwamba inafaa watoto wagonjwa wabakizwe nyumbani, wakiwemo wajukuu wa walimu. Vikafuata vidole gumba vya kukubali, vingi.

Tangu siku hiyo mtoto akawa anavuta mikono ya gauni mpaka inafunika vidole. Nilimwona kwenye basi, skuli, hata mezani. Jumatano, nilipokuwa namsuka, akaniuliza bila kugeuza kichwa:

"Bibi, mkono wangu mbaya?"

Kwa Kiswahili. Nilisimamisha kitana. Nikamwambia mkono wake niliupokea mimi kabla ya mkunga kuufuta, na tangu hapo sijaona ubaya wake. Akasema sawa. Lakini vidole havikutoka.

Alikuwa amebakiza sura moja ahitimu juzuu yake ya kwanza. Mtoto akihitimu, kwetu huwa ni siku kubwa: huvaa nguo mpya, husoma peke yake mbele ya wazazi wote, na mwisho wake ni huo mkono. Siku ilikwishapangwa. Jumamosi iliyofuata mwenyekiti wa kamati ya chuo akaniomba tuzungumze, tukasimama karibu na viatu. Ni mtu mzuri. Huwahi kufungua ukumbi, hukunja mikeka mwenyewe, na ananiheshimu kama mama yake. Alizunguka sana kabla ya kufika.

"Bi Mkubwa, hakuna anayemfukuza. Tunasema apumzike tu mpaka apone."

"Na asipopona?"

"Inshallah atapona."

"Hiyo ni kazi ya Mungu, mwanangu. Mimi nakuuliza yako."

Akacheka kidogo, akatazama viatu. Nilimpa barua ya daktari ambayo binti yangu aliiomba, inayosema wazi kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Aliisoma yote, taratibu. Akasema yeye anaamini, ila wazazi hawasomi barua, wanasoma ngozi. Kisha akatoa suluhu aliyokuja nayo tangu mwanzo: siku ya kuhitimu mtoto asome, apigiwe vigelegele, apewe zawadi yake, lakini asisimame kwenye mkono. Dakika tano tu. Hata mwenyewe hatatambua.

Nilimwambia mtoto atasoma na atatoa mkono. Na ikiwa kamati inaona vingine, basi itafute na mwalimu mwingine, na nilimtakia heri katika kumtafuta. Sikupandisha sauti. Yeye alibaki na barua mkononi, nami nikaenda kuvaa viatu vyangu.

Baada ya hapo dawa ikaanza kufanya kazi. Nilipokuwa nimeshika maneno ya daktari, kijiko kila asubuhi, mabaka yalipungua, yakawa machache, halafu yakakatika kabisa. Wiki ya kwanza sikuamini. Ya pili nikawa namkagua mtoto kwa siri anapobadilisha nguo. Ya tatu ilipokamilika bila hata baka moja, niliweka paji langu chini kwenye zulia la chumba changu, nikasujudu sijida ya kushukuru, nikakaa pale mpaka magoti yakanilaumu.

Na asubuhi ya pili yake sikumpa dawa.

Nimeahidi kulitaja, nalitaja. Hakuna aliyenidanganya. Nilijiambia nimekwishashukuru, na kuendelea kumnywesha dawa mtoto ambaye Mungu amemponya ni mfano wa mgeni aliyeshiba, akasema alhamdulillahi, kisha akanyoosha tena mkono kwenye sahani. Niliona haya mbele ya Mola wangu. Chupa nikaiweka nyuma ya kopo la sukari. Binti yangu akirudi na kuuliza kuhusu dawa, nilimjibu, "Alhamdulillahi," neno la kweli ambalo halikuwa jibu. Miaka hamsini nafundisha watoto kwamba shukrani ni kuitunza neema uliyopewa. Ile dawa nayo ilikuwa neema, na nilikuwa nimeificha nyuma ya sukari.

Siku ya kuhitimu mtoto aliamka ngozi safi. Nilimvalisha gauni la kijani alilolichagua mwenyewe, na mtandio mweupe. Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na baridi nje, kwa hiyo mtu alikuwa amefungua hita zote, na wazazi wamekaa wamebanana na makoti yao. Binti yangu alitoka kazini moja kwa moja, akakaa nyuma na sare yake ya uuguzi. Yule mama aliyeuvuta mkono wa mwanawe alikuwa safu ya pili, na bintiye mapajani.

Mjukuu wangu alikaa mbele kwenye mkeka, akaanza. Sauti yake ni ndogo lakini haitetemeki. Alipofika nusu ya sura niliona baka la kwanza likipanda shingoni, chini ya sikio. Likafuata la shavu. Akajikuna mara moja, akaendelea kusoma. Mdomo wa juu ukaanza kunenepa upande mmoja, na hapo herufi zikawa zinamponyoka, akawa anazirudia, akizishika upya moja moja kama mtu anayeokota shanga. Nilisikia minong'ono. Nilisikia kiti kikisogezwa nyuma. Hakusimama mpaka aya ya mwisho, akafunga msahafu, akaubusu na ule mdomo wake.

Binti yangu alikuwa ameshafika mbele. Alimtazama ulimi, akaweka sikio kifuani kwake, akamwambia avute pumzi, atoe, avute tena. Pumzi ilikuwa nzuri. Ndipo akaniinulia macho.

"Mama. Leo amekunywa dawa?"

Ukumbi wote ulisikia. Lilikuwepo lile neno langu, Alhamdulillahi, tayari ulimini, na ningelisema mambo yangepita.

"Hajanywa," nikasema. "Siku tisa hajanywa. Mimi ndiye niliyemwachisha."

Binti yangu alifungua mkoba wake, na humo mlikuwa na chupa nyingine ya dawa na kijiko kilichofungwa kwenye kitambaa. Kumbe siku zote alitembea nayo. Akampa mwanawe pale pale mkekani, mbele ya watu. Mwenyekiti akanijia kutoka upande wa wanaume, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa nimeona mwenyewe, na bora mtoto apelekwe nyumbani akapumzike, mkono utafanywa bila yeye. Nilimwuliza binti yangu kama mtoto yuko katika hatari. Akasema hapana, atamwangalia. Nikamwuliza mtoto kama anataka kwenda nyumbani.

"Sitaki," akasema. "Bibi, nataka kutoa mkono."

Nikasimama. Nilimsimamisha mbele yangu, nikamkunja ile mikono ya gauni hadi kwenye viwiko, ili mabaka yaonekane yote, yasibaki ya kukisiwa.

"Mtoto huyu hana maradhi ya kumpa mtu," nikawaambia. "Mabaka yamerudi kwa kosa langu, mmesikia. Mwenye hasira anikasirikie mimi. Na anayetaka mkono wangu leo aanze na wake."

Nikaanza kumsalia Mtume, peke yangu. Nilifika mwisho wa mara ya kwanza, nikaanza ya pili. Hakuna aliyesogea. Niliona kina mama wakitazamana, na nikajua wanachokipima: radhi ya mwalimu upande huu, ngozi ya mtoto upande ule. Nilikuwa nimewatega, na nilijua nimewatega. Mjukuu wangu alikuwa amenyoosha mkono mbele yake, hewani, na hakuushusha. Niliuona unaanza kuchoka. Nilimsalia mara ya tatu.

Aliyekuja wa kwanza ni mwanafunzi wangu mdogo kuliko wote, wa miaka mitano, aliyekuwa akivutavuta makamasi tangu ameingia. Alijifuta pua kwa kiganja, akautoa mkono ule ule. Akamwuliza mjukuu wangu kwa Kiingereza kama yanawasha. Mjukuu wangu akamjibu kwamba yanawasha sana. "Pole," akasema yule mdogo, akampa mkono, akanipa na mimi, akaubusu wangu na kuuacha umelowa. Katika ukumbi ule mzima, huyo ndiye aliyekuwa na kitu cha kuambukiza. Hakuna aliyemwita nyuma.

Baada yake wakaja. Hawakuja wote, na sitasema walikuja wote. Watoto watano waliondoka bila mkono, akiwemo yule wa safu ya pili, ambaye mama yake alimvalisha koti haraka haraka huku yeye akigeuka kututazama mpaka mlangoni. Waliobaki walikuja mmoja mmoja, wengine wakigusa ncha za vidole tu, na mstari ukakua upande wetu, na sauti za kumsalia Mtume zikaongezeka mpaka sikuhitaji tena kuongoza. Mwenyekiti huwa hanipi mkono mimi, yeye si maharimu wangu, ndugu niliyeharamishwa kuoana naye, na mstari huu si wa wanaume. Lakini watu walipokwisha kupungua, alikuja kukunja mikeka, akasimama mbele ya mtoto. Akamwambia amesoma vizuri. Akampa mkono, akitazama ukutani. Nilimsubiri aufute. Hakuufuta, angalau si mbele yangu.

Kwenye basi binti yangu alikaa na mwanawe, mimi nikakaa nyuma yao. Tukashuka, tukafika kwenye ngazi za nyumbani. Hapo akaniambia, bila ukali, kwamba kila mtu ana haki ya kukosea ila mimi sina haki ya kukosea kimyakimya. Nilimwambia ni kweli. Nikaitoa chupa nyuma ya sukari, nikaiweka mezani, karibu na msahafu wangu wa asubuhi. Iko hapo mpaka leo, hii ya sasa ni ya saba au ya nane.

Siku nne baadaye mjukuu wangu alishikwa na mafua. Homa, kikohozi, na mabaka yakapanda licha ya dawa, kama daktari alivyotuonya kwamba virusi vipya vinaweza kuyaamsha. Binti yangu alihesabu siku kwa vidole, akamkumbuka yule mdogo mwenye makamasi, akacheka mpaka akakaa.

"Mama, umekesha ukipigania mkono wake," akasema, "na mafua ukayaweka ya kwanza mstarini."

Nami nilicheka. Jumamosi hiyo mtoto alibaki nyumbani, kwa sababu ya mafua, kwa kuwa mafua huambukiza. Nilimwandikia mwenyekiti sababu hiyo hiyo, neno kwa neno, na nikaongeza kwamba Jumamosi inayofuata, mafua yakiisha, atakuja na mabaka yake.

Alikuja nayo. Amekuja nayo Jumamosi nyingi tangu siku ile, nyingine mengi, nyingine machache, na zipo wiki ambazo hayaonekani kabisa. Watatu kati ya wale watano wamerudi kwenye mkono. Wawili wamehamia chuo kingine, na namwomba Mungu awape mwalimu mzuri. Kundi la wazazi limetulia, au wamefungua jingine ambalo mimi simo.

Asubuhi ngozi ikiwa safi nasujudu kama nilivyosujudu siku ile. Kisha nainuka, naikamata meza ili magoti yaninyooke, na natia dawa kwenye kijiko. Mjukuu wangu hunisubiri na mdomo wazi, mikono ya gauni imekunjwa mpaka viwikoni, na hiyo huikunja mwenyewe.